Mjukuu wa Bibi Stoyana

Tangu Shahin Bey atumwe kuitawala wilaya ya Gradina, hakuwahi kula chakula cha mchana kikashuka kooni kwa amani. Akishakaa tu, mlango unagongwa, na anayegonga ni jamaa yake. Miaka yote aliyoishi Istanbul alijihesabu mtu asiye na ndugu. Sasa kila mwenye mbuzi kwenye milima ile alikuwa binamu yake. Huyu anataka aondolewe zamu ya kutengeneza barabara. Yule anataka jirani yake atiwe ndani. Mwingine hana shida yoyote, ila amekuja kukalia zulia la Bey ili akirudi kijijini apate la kusimulia.

Alizaliwa hukohuko juu, kijiji cha Dubovik, akabatizwa Radonya. Alikuwa bado hajaota ndevu walipokuja watu wa sultani kuchagua vijana wa Kikristo, kama walivyokuja kila baada ya miaka kadhaa. Wakamvika kofia nyekundu, wakaondoka naye. Akasilimu, akafundishwa Kituruki na kusali na kulenga shabaha, akapigana Hungaria, akapanda cheo, na jina likawa Shahin. Kisha mkubwa mmoja huko Istanbul akajiona ana busara nyingi: mrudisheni kwao huyu, lugha yao anaijua, watamsikiliza. Shahin angetoa chochote ampate mkubwa yule, amkalishe Gradina wiki moja tu.

Na jamaa hao wote, hata ukiwaweka fungu moja, hawakumfikia mama yake kwa usumbufu.

Siku hiyo Bibi Stoyana aliingia bila hodi, akawapita walinzi ambao walikwisha kukata tamaa ya kumzuia. Nyuma yake alikuja Vukota, mtoto wa Dragash, marehemu mdogo wake Shahin. Kijana alikuwa amesuguliwa uso hadi ukaiva, nywele zimelazwa kwa mafuta ya kondoo, na shati alilovaa lilikuwa la baba yake, mikono imekunjwa na kukunjwa tena.

"Radonya!"

"Mama, nimekuomba mara ngapi? Mbele ya askari niite Bey."

"Nilipokuwa nakunyonyesha nilikuita Bey? Hebu mtazame mwanao. Meno yote yapo. Vukota, fungua kinywa."

Kijana akafungua kinywa.

"Funga kinywa," Shahin akasema. "Ya nini haya, Mama?"

"Kesho anafika yule Agha wa kuchagua vijana. Nataka amchukue huyu."

Shahin alidhani hakusikia vizuri. Akaweka mkate chini. Huyu ndiye mama aliyewafuata mbio watu wa sultani mpaka mtoni, akipiga kelele na nywele zimefumuka, hadi askari mmoja akamsukuma akaanguka matopeni. Huyu ndiye aliyemlaani sultani kila Jumapili mpaka padri akamsihi anyamaze, wasije wakachomewa kijiji.

"Hivi wewe mama una akili timamu? Si uliwalaani watu hawa?"

"Nililaani. Sasa nimeacha."

"Basi haiwezekani. Huyu ni yatima, tena ndiye mwanamume pekee katika nyumba yenu. Sheria inakataza. Agha hawezi kumgusa hata akitaka."

"Sheria si wewe?"

"Sheria si mimi! Mimi natumwa kama anavyotumwa punda."

"Kumbe tumepata Bey wa nini?"

Swali hilo alishaulizwa na kila binamu aliyewahi kuvuka kizingiti chake, na kila mara lilimpandisha damu kichwani. Akajaribu njia nyingine.

"Mama, huko atasilimishwa. Nani atakuwashia mshumaa kaburini?"

"Wewe ulisilimu, na ukaidi wako uko palepale. Mungu mwenyewe atajua la kufanya nanyi."

Vukota alikuwa amesimama, macho kwenye sahani ya jibini. Shahin akamsogezea sahani, akamgeukia mama yake na kusema kwa sauti ya kiserikali kabisa, "Kesho usishuke mjini. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," akajibu kwa upole.

Hapo ndipo Shahin alipojua kwamba atashuka.

Asubuhi uwanja wa mahakama ulijaa. Hamza Agha, mtu mnene mwenye uso wa ucheshi na kovu la upanga shavuni, alikaa kwenye kigoda. Naye zamani alichukuliwa hivyohivyo, kutoka kwa wachungaji wa Albania. Pembeni yake Kadhi Muslihuddin alikuwa amejifunika manyoya hadi masikioni. Alitoka Konya, na tangu aletwe huku hakuwahi kuisamehe milima kwa baridi yake. Padri Neofit alisimama na waumini wake ili athibitishe nani mtoto wa nani.

Vituko havikukosekana. Baba mmoja, kwa kuwa waliooa hawachukuliwi, alimleta kijana wake wa mashavu laini akiwa ameshikwa mkono na bibi harusi anayeweza kuwa mama yake. Baba mwingine alimsukuma wa kwake mbele kwa nguvu hata akajikwaa, akaangukia miguu ya Agha. Wa kwanza alikuwa analia asichukuliwe, wa pili analia achukuliwe, na wote wawili walimtazama Shahin kana kwamba ni kosa lake.

Ndipo umati ukapasuka katikati, akaja Bibi Stoyana. Mkono wa kulia kamshika Vukota. Wa kushoto kamshika mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu na madoadoa usoni, anatafuna tufaha.

"Mwulize bibi anataka nini," Agha akasema kwa Kituruki. Mkalimani wa wilaya alikuwa mgonjwa, au alijifanya, kwa hiyo kazi ilimwangukia Bey mwenyewe.

"Mwambie hivi," mama yake akasema. "Hawa ni wajukuu zangu wawili. Amchukue huyu mkubwa. Huyu mdogo atabaki kunitunza."

"Mama," Shahin akasema meno yakiwa yamebana, "huyo ni mtoto wa Bozhidar mfinyanzi."

"Hukuulizwa. Tafsiri."

Watu wakaanza kucheka chinichini. Bozhidar mfinyanzi, aliyekuwa mstari wa nyuma, ghafla akapata hamu kubwa ya kutazama mawingu.

"Anasemaje?" Kadhi akauliza.

"Anasema ana wajukuu wawili, mheshimiwa."

"Ni kweli?"

Shahin alijibana paji la uso kwa vidole. Akisema ndiyo, amesema uongo mbele ya kadhi. Akisema siyo, amemwita mama yake mwongo mbele ya wilaya nzima. Na huyu mama, hata haya hana. Alikuwa ameinua kidevu, anamngoja.

"Si kweli, mheshimiwa."

Padri Neofit, ambaye Kituruki alikijua kiasi cha kumtosha, akamnong'oneza Bibi Stoyana kilichosemwa. Mwanamke akawaka.

"Msaliti wee! Nywele hizo ni za babu yake mzaa baba! Nyote mnajua marehemu mume wangu alikuwa mwekundu!"

"Baba alikuwa na upara, Mama, tangu nimjue!"

"Kabla ya upara!"

Hamza Agha akainua mkono, uwanja ukatulia. Akamwinamia yule mdogo, akamwambia kwa lugha ya milima ileile, taratibu lakini bila kukosea, "Mwanangu, mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani, anafua."

"Na huyu bibi ni nani?"

"Ndiye kanipa tufaha."

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Hata kijana aliyeozwa jana akacheka na mkewe. Shahin hakucheka. Alikuwa anamtazama Agha.

"Kumbe lugha yetu unaisikia?"

"Nimelala chumba kimoja na watu wa milima hii tangu niko mdogo," Agha akasema huku akifuta machozi. "Matusi yenu niliyajua kabla ya sala."

Kadhi Muslihuddin, ambaye hakuambiwa kinachochekesha, alikohoa kwa kuudhika akatoa uamuzi. "Yatima, tena pekee. Hachukuliwi. Nyumba isiyo na mwanamume hailimi, isiyolima haitoi kitu, na mwaka unaofuata inavuka mpaka kwenda kwa adui. Mwambie bibi hii si huruma. Ni utaratibu."

Shahin akamgeukia mama yake. "Anasema amekuhurumia."

"Mwambie huruma yake akajifunike nayo, maana naona manyoya hayamtoshi."

"Anakushukuru sana, mheshimiwa," Shahin akamwambia kadhi.

Kadhi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Hamza Agha, aliyesikia pande zote mbili, ilimbidi ajifanye ameangusha kitu chini ya kigoda.

Jioni Bibi Stoyana alikaa jikoni kwa mwanawe akingoja nyumbu atandikwe. Nje, watu wa Dubovik walikuwa wanaondoka kwa makundi, na hawakujisumbua kupunguza sauti. "Bora wangetuletea mgeni," mmoja akasema chini ya dirisha. "Mgeni angetuonea haya. Wetu huyu haya hana, tena msaada hana."

Shahin akafunga dirisha kwa kishindo.

"Umefurahi? Kesho wilaya yote inaimba habari zako na tufaha."

"Waimbe."

"Ulinifuata mbio mpaka mtoni, Mama!" Hakukusudia kulisema, lilimtoka. "Miaka yote nikifumba macho nakuona umeanguka pale. Vitani nakuona, msikitini nakuona. Na leo wewe huyohuyo unamsukuma huyu kwa mkono wako mwenyewe, unamfungua kinywa kama ndama mnadani. Sasa nilikuwa namlilia nani mimi?"

Bibi Stoyana aliinamisha kichwa, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuwa anakunja pembe ya kitambaa chake na kukunjua.

"Nililia," akasema. "Usidhani sikulia. Halafu theluji ikaja. Shayiri ilikuwa kidogo mwaka ule. Nikakata mkate, nikampa baba yako, nikampa Dragash, nikachukua wangu, na ukatosha. Nyumba ile mkate haukuwahi kutosha, Radonya. Nikakaa nautazama. Nikauchukia. Nikaula."

Shahin alisimama na mkono wake bado uko kwenye dirisha.

"Dragash nikabaki naye. Nikamshukuru Mungu, kaniachia mmoja. Kisha gogo la msonobari likamlalia msituni, wakaniletea kwenye mkokoteni wa kuni. Aliyechukuliwa karudi ana farasi. Aliyeachwa yuko chini ya ardhi. Halafu unaniuliza kama nina akili. Haya, mwenye akili, ungekuwa mimi ungechagua nini?"

Swali hilo lilimkasirisha zaidi ya maneno yote ya siku ile. Akatoka nje akaenda kumgombeza mtunza farasi, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote.

Vijana waliochaguliwa waliondoka na Hamza Agha alfajiri iliyofuata. Shahin akajiambia kwamba shughuli imekwisha. Akavua buti, akaagiza supu, akanyoosha miguu karibu na moto. Kijiko cha kwanza hakijafika mdomoni, mlango ukapigwa kwa ngumi.

"Vukota katoroka!" Bibi Stoyana alikuwa amelowa, anahema, kitambaa kimemteremka shingoni. "Kawafuata wale! Mtoto wa Bozhidar kamwona njia ya mlimani!"

Shahin akaweka kijiko chini.

"Mama. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka apelekwe! Sikutaka atoroke! Hana mkate, hana soksi, hata kuniaga hakuniaga! Mrudishe!"

"Jana ulinitukana mbele ya kadhi kwa sababu..."

"Mrudishe, Radonya! Umekaa unanitazama nini?"

Basi Bey wa Gradina, mwakilishi wa sultani, akavaa tena buti zilezile, akaita askari mmoja, akatoka kwenye mvua. Njia nzima alikuwa anasema peke yake. Yule askari, kijana wa Anatolia asiyejua lugha ya kule, alidhani bwana wake anasoma dua, akawa anaitikia amina.

Waliwakuta kwenye nyumba ya wasafiri chini ya mlima. Vijana wa kofia nyekundu walikuwa wamejibanza barazani wakila maharage. Vukota alikuwa katikati yao na bakuli lake, kofia ya kuazima imemziba masikio.

Hamza Agha akatoka akatikisa kichwa. "Shahin Bey, kazi hii nimezeeka nayo. Nimewafuata waliokimbilia mapangoni. Nimelaaniwa na kina mama wa kila dini. Nimepigwa mawe. Lakini kijana kunifuata mwenyewe, halafu serikali inakuja kuninyang'anya? Hili ni jipya."

"Ningekueleza," Shahin akasema, "lakini mama yangu unamjua."

"Namjua. Ningempata mmoja kama yeye Hungaria, vita vingekwisha mapema."

Wakarudi, kijana amepakiwa nyuma ya Shahin. Mvua ilipungua, ukungu ukashuka. Walipofika nusu ya njia Shahin akashindwa kuvumilia.

"Kwa nini uliondoka? Hukusikia uamuzi?"

"Nilisikia. Ila mimi hakuna aliyeniuliza."

"Basi nakuuliza sasa. Unataka kuwa Bey?"

"La, baba mkubwa. Wewe ni Bey, na kila nikija unaumwa kichwa."

"Sasa unataka nini?"

Kijana akafikiri. "Nataka kukaa mahali ambapo bibi hanifungui kinywa mbele ya watu."

Shahin akacheka hadi farasi akasimamisha masikio. Alicheka peke yake, mgongo ukimtikisika, na askari wa Anatolia akaacha kuitikia amina. Kilipokwisha kicheko, Vukota akauliza kwa sauti ndogo, "Walipokuchukua ulilia?"

"Nililia kutwa nzima."

"Halafu?"

"Halafu jioni wakatupa nyama ya kondoo." Aliizungusha hatamu mkononi. Hakuwahi kumwambia mtu neno hili. "Nyumbani tuliipata Krismasi tu, kipande kimoja. Pale ilikuwa sahani nzima. Nikaacha kulia, nikala. Nikajiona mimi ni mtu mbaya kuliko wote duniani."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu sana," Shahin akasema.

Bibi Stoyana alikuwa langoni. Alimpiga kofi mjukuu wake, akamkumbatia, akampiga tena, kisha akampiga Shahin begani kwa kumleta mtoto amelowa. Shahin akampa pole. Pole hiyo ilimshtua bibi hata akasahau kumpiga tena.

Vukota hakurudi Dubovik. Shahin alimpeleka kwa fundi matandiko wa pale mjini, Mwarmenia mpole mwenye mabinti tu, ajifunze kazi ya ngozi na akae na dini yake. Shamba wakapewa binamu walime kwa mgao. Na kwa kuwa kijana hakuweza kuachwa peke yake mjini, Bibi Stoyana naye akahamia kwa Bey, na picha zake za watakatifu, na pipa la kabichi iliyochachushwa ambalo harufu yake iliwafukuza makarani wawili. Kadhi alituma mtu kulalamika kuhusu ubani aliouchoma mbele ya picha hizo. Bibi akamtumia kadhi soksi nene za sufu. Malalamiko yakaisha, lakini kadhi akaanza kupita mwenyewe kuulizia glavu, na sasa Shahin alikuwa na mgeni mmoja zaidi wa kumkalimania.

Majira ya kuchipua yalipofika aliomba Istanbul wamhamishe. Alieleza kwa adabu zote kwamba mtu hawezi kutawala mahali ambapo kila mtu alimwona akiwa uchi mtoni. Jibu lilikuja la kumsifu. Wilaya ya Gradina, walisema, haijawahi kuwa tulivu namna ile. Kodi zinafika, mpaka uko salama, watu hawahami. Abaki palepale.

Alimkuta mama yake uani, anachambua maharage, akamwambia yote kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

"Wangekupeleka wapi?" mama akauliza bila kuinua macho.

"Sijui. Basra, labda."

"Kuna theluji huko?"

"Theluji? Basra ni joto mwaka mzima."

Bibi Stoyana akaweka ungo chini, akamtazama kama mtu aliyeibiwa.

"Mwaka mzima joto! Na mimi magoti yananiua hapa! Mpumbavu wee, mbona hukuwaambia kwamba na mimi nakwenda?"